Swali kali, lugha ya staha: nini hasa huharibu mikutano ya viongozi na waandishi wa habari?

Kalamu Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Klipu ya kiongozi akirushiana maneno na mwandishi ikisambaa tu, watu wanagawanyika. Hawa wanasema mwandishi hana adabu, wale wanasema kiongozi anaogopa maswali. Klipu yenyewe ina sekunde 40. Mara nyingi kilichozaa ugomvi kilitokea kabla kamera hazijawashwa: nani aliandika orodha ya wanaoingia, nani alishika kipaza sauti, dakika ngapi ziliachwa kwa maswali, na kama kulikuwa na kanuni yoyote iliyoandikwa.

Chukueni tukio la White House la tarehe 7 Novemba 2018. Jim Acosta wa CNN aliendelea kuuliza, akakataa kuachia kipaza sauti mfanyakazi alipokuja kukichukua, Rais Trump akamtolea maneno makali mbele ya wote. Jioni hiyohiyo kitambulisho chake cha kuingilia kikazuiwa. Tarehe 16 Novemba Jaji Timothy Kelly akaamuru kirudishwe kwa muda. Jaji hakuamua kwamba mwandishi alikuwa na adabu, wala kwamba rais analazimika kumjibu. Alichokikuta ni adhabu isiyo na utaratibu: mtu hakupewa nafasi ya kujieleza kabla, na hata aliyefanya uamuzi hakujulikana vizuri. Siku tatu baadaye White House ikarudisha kitambulisho na kutoa kanuni: kila mwandishi swali moja, la nyongeza ni kwa hiari ya anayejibu, ukimaliza unampisha mwenzako na ikibidi unakabidhi kipaza sauti, ukikiuka unaweza kusimamishwa.

Angalieni mfuatano: ugomvi, kisha adhabu, kisha kanuni. Ungetakiwa kwenda kinyume chake. Staha inayotegemea hulka ya watu wawili waliochoka haifiki mbali. Ile inayotegemea utaratibu unaojulikana na wote inastahimili hata siku ambayo wote wawili wameamka vibaya.

Naomba wanaojua kazi hii waweke mambo ya vitendo, pande zote mbili.

---

Mzee wa Itifaki

Mleta uzi umegusa penyewe. Nianze na upande wa waandaaji, maana huko ndiko fujo nyingi hupikwa.

Kosa la kwanza ni muda. Mkutano umetangazwa saa 4 asubuhi, kiongozi anaingia saa 6, anasoma taarifa ya dakika 50, kisha msemaji anasema "maswali mawili tu". Chumba kina waandishi 30. Hapo kelele ni lazima, kwa sababu anayenyamaza anarudi kwa mhariri wake mikono mitupu. Watu wanaita utovu wa nidhamu kile ambacho ni foleni isiyo na utaratibu.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Taarifa iwe dakika 10, isizidi 12, na nakala yake igawiwe kabla ili mtu asipoteze swali kuuliza kilichokwishaandikwa. Maswali yapewe dakika 20 hadi 30. Kwa swali moja na jibu la dakika 2, hapo unapata maswali 8 hadi 12 hivi. Tangaza hesabu hiyo mwanzoni. Na kabla ya kufunga, sema wazi "yamebaki maswali mawili", kisha yachukue hayo mawili kweli. Kiongozi anayegeuka ghafla na kutoka huku swali linaulizwa ataonekana anakimbia hata kama anawahi ndege.

Kipaza sauti: weka viwili kwenye stendi, kimoja kila upande wa chumba, mwandishi aende kusimama pale. Kile cha kupitishwa mkono kwa mkono ndicho huleta mvutano, kwa sababu anayetumwa kukichukua ni kijana wa ofisi ambaye hana mamlaka yoyote, na kamera zinamwona akimnyang'anya mtu mzima kitu.

La mwisho, usidai maswali yaandikwe na kupelekwa kabla. Unaweza kuomba mada ili kiongozi aje na takwimu. Ukichuja maswali, watu watayauliza nje kwenye ngazi, na huko huna stendi wala foleni.

---

Bi Mhariri

Nashukuru kwa hilo la kuchuja. Sasa upande wetu.

Swali zuri la mkutanoni huchukua sekunde 15 hadi 20. Jina lako, chombo chako, jambo moja lenye ushahidi, swali moja. Mfano: "Mheshimiwa, mwezi wa tatu ulisema barabara imekamilika. Ripoti ya mkaguzi inasema kilomita 12 hazijawekwa lami. Ipi ni sahihi?" Hakuna tusi hapo, hakuna sauti ya juu, na hakuna mlango wa kutokea. Ukali wote umo kwenye zile kilomita 12.

Linganisha na hili: "Mheshimiwa, wananchi wamechoka na ubabaishaji wenu, kwanza mnasemaje kuhusu barabara, pili fedha zimekwenda wapi, na tatu mtajiuzulu lini?" Hilo limempa kiongozi zawadi tatu. Atalijibu neno "ubabaishaji" na kukupa somo la adabu. Kati ya maswali matatu atachagua jepesi. Na wasikilizaji watabaki na mkwaruzano, barabara itasahaulika.

Kivumishi ni adui wa swali. Kila ukiona umeandika "la aibu", "lililoshindwa", "la kitapeli", lifute uweke tarehe au kiasi.

Kuhusu "Mheshimiwa", nasema mara moja inatosha. Anayeliweka kila baada ya maneno matatu anapoteza sekunde zake na anajishusha bila kuombwa. Anayelikataa kwa makusudi ili aonekane jasiri naye anamfungulia kiongozi njia ya kugeuza mazungumzo. Cheo ni sehemu ya anwani tu. Iandike bahasha vizuri ili barua ifike.

Kuna pia unyenyekevu unaoharibu kazi: "Tunaomba utueleze kwa ufupi siri ya mafanikio haya." Hiyo si heshima kwa kiongozi. Inamnyima nafasi ya kujibu kile ambacho watu wanakisema nyuma yake, nacho kitaendelea kusemwa.

---

Nguzo ya Tano

Naona mnawaonea huruma waandishi. Wapo wanaokuja mkutanoni kutafuta klipu yao wenyewe. Wanakatiza, wanauliza jambo lilelile mara kumi, lengo ni kuonekana mashujaa. Kiongozi naye ni binadamu, na ofisi ina hadhi yake.

---

Bi Mhariri

Nguzo, wapo, sikatai. Ila tutofautishe kukatiza na kurudia.

Kukatiza taarifa ambayo bado inasomwa ni kosa la utaratibu, hata swali likiwa zuri. Juni 2012 Barack Obama alikuwa anasoma tamko kuhusu vijana wahamiaji, mwandishi mmoja akapaza sauti katikati. Obama alimwambia kwamba huo haukuwa wakati wa maswali, akaendelea kusoma. Siku hiyo mjadala ukahamia kwa mwandishi badala ya sera aliyotaka kuihoji.

Kurudia ni chombo halali, ila kina masharti yake. Mei 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa ametoka kwenye uwaziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, kama alitishia kuupindua uamuzi wa mkuu wa idara ya magereza, Derek Lewis. Alimuuliza zaidi ya mara kumi. Kilichofanya kazi pale ni mambo matatu: swali lilikuwa la ndiyo au hapana, maneno yake hayakubadilika sana, na sauti haikupanda. Mtazamaji alijionea mwenyewe kwamba jibu halikuja. Paxman baadaye alieleza kwamba alirefusha pia kwa sababu kipengele kilichofuata ndani ya kipindi hakikuwa tayari.

Lakini ile ilikuwa studio, watu wawili tu. Mkutanoni kurudia zaidi ya mara moja ni kula zamu ya wenzako. Pale anayerudia awe mwingine: "Kabla sijauliza langu, narejea swali la mwenzangu ambalo halijajibiwa." Waandishi wakizoea jambo hili moja, ubishi wa kipaza sauti unapungua sana. Linashindikana kwa sababu kila mtu anataka sauti yake isikike ikiuliza la kwake.

---

Mzee wa Itifaki

Niongeze kwa Nguzo. Hadhi ya ofisi mimi naijali sana. Inalindwa na anayejibu kwa utulivu. Januari 2022 Joe Biden alimtukana Peter Doocy wa Fox News kwa sauti ya chini akidhani hakuna anayesikia, baada ya kuulizwa kuhusu mfumuko wa bei. Kipaza sauti kilikuwa hai. Siku hiyohiyo alimpigia simu mwandishi mwenyewe kuliweka sawa, na mwandishi akasema hadharani kwamba wameyamaliza. Kosa lilikuwepo, lakini lilizimwa ndani ya saa chache kwa sababu aliyekosea alimtafuta aliyekosewa mwenyewe, hakumtuma mtu.

Na jambo la kiufundi: mhesabu kila kipaza sauti kuwa hai hadi mtaalamu aseme kimezimwa. Agosti 1984 Ronald Reagan alitania kuhusu kuipiga mabomu Urusi wakati wa kupima sauti kabla ya hotuba ya redio, na mzaha huo ukavuja. Aprili 2010 Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliingia kwenye gari akiwa bado amevaa kipaza sauti cha Sky News kwenye nguo, akamsema vibaya mpiga kura aliyetoka kuzungumza naye, ikarushwa. Alilazimika kurudi nyumbani kwa mpiga kura huyo kuomba radhi. Msaidizi mmoja apewe kazi hiyo tu: kiongozi asipige hatua ya tatu kabla hajavuliwa kipaza sauti.

---

Sheria Mkononi

Upande wa sheria, nitaje kesi tatu zinazofaa kujulikana na pande zote.

Lingens dhidi ya Austria, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, 1986. Mwandishi alimkosoa Kansela Bruno Kreisky kwa maneno mazito, akatozwa faini. Mahakama ikasema mipaka ya ukosoaji ni mipana zaidi kwa mwanasiasa kuliko kwa mtu binafsi, kwa kuwa yeye amejiweka mwenyewe mbele ya macho ya umma. Ikatenganisha pia ukweli na maoni: ukweli unaweza kuthibitishwa, maoni hayathibitishiki. Kwa hiyo ukiandika "alichukua", uwe na hati. Ukiandika "hakutenda kiungwana", uwe na mambo ya kweli ambayo maoni hayo yamejengwa juu yake.

Konaté dhidi ya Burkina Faso, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Desemba 2014. Mhariri alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka. Mahakama iliona kifungo kwa kosa la kashfa kilikiuka uhuru wa kujieleza. Waandishi wengi hawaijui hukumu hii.

Sherrill dhidi ya Knight, mahakama ya rufaa mjini Washington, 1977. Mwandishi alinyimwa kitambulisho cha White House bila maelezo. Mahakama ikataka mambo matatu: ajulishwe, apewe nafasi ya kujibu, na uamuzi wa mwisho uandikwe pamoja na sababu zake. Hiyo ndiyo njia aliyopita Jaji Kelly mwaka 2018. Ofisi yoyote inaweza kuweka mambo haya matatu kwenye karatasi moja bila kusubiri mahakama.

---

mpitanjia77

Swali la haraka: kwa nini isiwe serikali tu inayoamua nani aingie? Chumba si chake?

---

Kalamu Kavu

mpitanjia77, hapo ndipo kiini. Mwenye orodha ndiye mwenye mkutano.

Ujerumani kuna chama cha waandishi kinachoitwa Bundespressekonferenz, kilichoanzishwa 1949. Mwenyeji wa mkutano ni waandishi, mwenyekiti ni mwandishi, na wasemaji wa serikali huja kama wageni mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Msemaji hawezi kuchagua nani aulize wala kuufunga mkutano kwa sababu swali limemkera. Wajerumani wana sababu ya kihistoria. Mkutano wa namna hiyo ulikuwepo Berlin kabla, na Wanazi mwaka 1933 waliuchukua ukawa wa serikali, waandishi wakawa wanapokea maelekezo.

Marekani, chama cha waandishi wa White House kilianzishwa 1914, baada ya kuenea tetesi kwamba kamati ya Bunge ingechagua nani ahudhurie mikutano ya Rais Woodrow Wilson. Kwa miaka mingi chama hicho ndicho kilipanga kundi dogo la zamu linalomfuata rais mahali ambapo wote hawatoshi. Februari 2025 ofisi ya rais ilijitwalia kazi hiyo. Mwezi huohuo shirika la habari la AP lilizuiwa kwenye baadhi ya matukio kwa kuendelea kutumia jina Ghuba ya Mexico badala ya Ghuba ya Amerika alilolitaka rais, na jambo hilo likaishia mahakamani. Hata kama unaona AP walikosea jina, tazama kilichobadilika: adhabu ilihama kutoka kwenye mwenendo chumbani ikaenda kwenye maneno yaliyoandikwa nje ya chumba.

Kwenye ofisi ndogo huhitaji chama kikubwa. Waandishi wachague mmoja wao aongoze foleni, kwa zamu, mwezi mmoja mmoja. Chumba kibaki cha serikali, foleni iwe ya waandishi.

Na gharama. Waandishi wanaosafiri kwenye ndege ya rais wa Marekani hulipiwa na vyombo vyao. Anayelipiwa kiti, chakula na malazi na yule anayetakiwa kumhoji ameshapunguziwa sauti kabla hajafika.

---

Kinasa

Naomba mtusaidie hili la "hiyo msiandike". Kiongozi anaongea dakika 10, halafu anasema hayo yalikuwa ya faragha.

---

Bi Mhariri

Makubaliano huja kabla ya maneno. Kilichokwisha kusemwa mbele ya kinasa sauti, bila sharti, kimesemwa. Unaweza kuamua kutokitumia kwa sababu za kiutu, mfano kimetaja mtoto au mgonjwa, lakini huo ni uamuzi wa mhariri.

Wajerumani wanatumia ngazi tatu za namba, na zinasaidia kuondoa utata. Ngazi ya 1: nukuu na jina. Ngazi ya 2: yaliyosemwa yatumike bila jina, chanzo kikitajwa kwa ujumla tu, kama "duru za serikali". Ngazi ya 3: ni kwa uelewa wako, huandiki. Kabla ya mazungumzo uliza "tupo ngazi gani?" na msubiri jibu. Ngazi ikibadilika katikati, itamkwe, na irekodiwe.

Usichanganye na kanuni ya Chatham House, taasisi ya mijadala ya kimataifa ya London, ya mwaka 1927. Hiyo inaruhusu kutumia yaliyosemwa, inakataza kumtaja aliyesema au taasisi yake.

Kinasa, kwa jina lako nadhani unajua hili, ila niseme: vifaa viwili, kimoja mezani kwake kwa ruhusa, kimoja kwako. Simu iwekwe hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikiingia hukata rekodi kwenye vifaa vingi. Mwanzoni tamka tarehe, mahali na majina. Ugomvi wa "sikusema hivyo" unaisha kwa sekunde 20 za sauti.

---

Nguzo ya Tano

Sawa, nimeelewa kuhusu foleni. Na mwandishi akitukanwa palepale afanye nini? Anyamaze?

---

Kalamu Kavu

Asijibu tusi, na asiliache swali. Atulie pumzi moja, arudie swali kwa maneno yaleyale, asiongeze kitu. Tusi lililojibiwa linakuwa ugomvi wa watu wawili. Lisipojibiwa, linabaki peke yake kwenye rekodi karibu na swali ambalo halikujibiwa.

Agosti 2020 mjini Calabar, Nigeria, waziri wa zamani Femi Fani-Kayode aliulizwa na mwandishi wa Daily Trust nani anagharamia ziara zake. Akaliita swali la kijinga na kumshambulia mwandishi kwa maneno. Baadaye akalifuta neno hilo na kueleza majuto. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: pesa za ziara hizi zinatoka wapi? Hasira yake ndiyo iliyolipeleka mbali kuliko jibu lolote ambalo angelitoa.

Baada ya mkutano kazi ni ya mhariri: barua siku hiyohiyo, ikiwa na muda kamili wa tukio, kipande cha video, na ombi moja mahususi, iwe kufuta kauli au kuhakikishiwa kuingia mkutano ujao. "Tunalaani vikali" bila ombi haipeleki jambo popote.

Ila yote haya yana mpaka mmoja: mwili. Desemba 2008 huko Baghdad mwandishi wa Iraki alimrushia George W. Bush viatu vyake viwili. Wapo waliomwona shujaa, lakini kwa kazi ya uandishi pale swali lilikwisha, na akafungwa. Vivyo hivyo mlinzi anayemsukuma mwandishi au kumpokonya kamera. Ukubaliwe umbali, mita 2 hivi kutoka jukwaani, na mstari uchorwe sakafuni.

---

Mzee wa Itifaki

Naomba kuonyesha pia kwamba kiongozi anaweza kulikataa swali bila kumvunjia mtu heshima. Novemba 2022 Jacinda Ardern na Sanna Marin, wakati huo mawaziri wakuu wa New Zealand na Finland, waliulizwa kama wamekutana kwa sababu ni wa rika moja. Ardern akajiuliza kwa sauti kama kuna aliyewahi kuwauliza hivyo Barack Obama na John Key, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa New Zealand, waliokaribiana umri. Kisha wakaeleza biashara kati ya nchi zao. Dhana iliyo ndani ya swali ilipingwa, mwandishi hakuguswa.

Na kama hujui jibu, sema "sina takwimu hiyo, utaipata kesho saa 8 mchana", na ifike. Isipofika mara mbili, mkutano wa tatu utakuwa mkali, na hapo usilaumu vyombo vya habari.

---

Sheria Mkononi

Bi Mhariri, umalizie na haki ya kujibu. Kesi nyingi zinaanzia hapo.

---

Bi Mhariri

Ndiyo. Habari ya uchunguzi: mpelekee kiongozi madai yote kwa namba, 1, 2, 3, kila moja na tarehe na kiasi. Usimpelekee "tunaandika habari kukuhusu, una maoni?" Mpe muda unaolingana na uzito. Habari ya siku, saa chache. Uchunguzi wa miezi, siku kadhaa. Kutuma saa 11 jioni na kwenda mitamboni saa 1 usiku ni kujifanya umeuliza. Tuma kwa njia mbili, tunza uthibitisho. Asipojibu, andika "hakuwa amejibu hadi tunakwenda mitamboni" na utaje umetuma lini, msomaji apime mwenyewe.

Ukikosea, sahihisha mahali palepale ulipokosea. Kosa la ukurasa wa kwanza halisahihishwi ukurasa wa 14 chini ya matangazo ya minada. Mtandaoni usibadilishe kimyakimya: acha maandishi mapya, na chini yake uweke saa, kilichokuwa kimeandikwa, na kilicho sahihi. Kiongozi akipiga simu akifoka kuhusu kosa ambalo ni la kweli, msikilize hadi mwisho, mwambie litasahihishwa saa ngapi, na saa hiyo ikifika liwe limesahihishwa.